Kuku Amekufa, Nani Atamzika?

Mwezi huu nilikuwa nimeshaandaa mada nyingine kabisa, ya wanandoa kufungua akaunti ya pamoja benki, na kusema kweli ilikuwa imeiva. Imebidi niiweke kiporo. Akaunti itangoja. Jumamosi ya pili ya Septemba nyumbani kwetu kulitokea msiba, na naomba usicheke: alikufa kuku.

Najua, umeshacheka. Hata mimi ningekutana na habari hii kwenye safu ya mtu mwingine, halafu ukurasa wa pili yake kuna tangazo la manukato, ningesema huyu mhariri amekosa la kuandika. Kuku akifa si anatupwa? Ndivyo nilivyodhani, na ndivyo alivyodhani baba mtoto wangu, na hapo ndipo kasheshe ilipoanzia.

Kwanza nikueleze huyo kuku alikuwa nani. Aliletwa Dar Desemba ya mwaka juzi na mama mkwe wangu, kutoka Singida. Kama umewahi kupita barabara kuu pale unajua sifa ya kuku wa Singida. Watu huwanunua njiani wakiwa hai na kuwapakia kwenye buti la gari. Huyu hakununuliwa njiani. Mama mkwe alimtoa bandani kwake, akapanda naye basi ndani ya kikapu, safari ya kutwa nzima. Alikuwa kishingo, yaani wale wasiokuwa na manyoya shingoni, mweusi tii, na mguuni amefungwa kipande cha khanga kuukuu chekundu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, si unajua tena. Mpango ulikuwa aliwe Krismasi.

Hakuliwa. Mwanangu wakati huo alikuwa na miaka 4, na alipoona kuku mwenye shingo tupu alicheka mpaka akakaa chini. Akampa jina la Bi Shingo. Krismasi ilipofika alilala mlango wa stoo akimkumbatia, na mama mkwe, ambaye maishani mwake amechinja kuku wasiohesabika, akasema, "Mwacheni. Huyu amekwisha pata mwenyewe." Tukala kuku wa kununua. Kile kipande cha khanga mtoto alikataa kisitolewe, kwa hiyo kila baada ya muda tulikuwa tunakilegeza kisimkate mguu, tunakifunga upya.

Sisi tunaishi nyumba ya kupanga, Tabata, familia nne ndani ya ukuta mmoja, mwembe mmoja na kisima kimoja. Bi Shingo alizoea mpaka akawa mpangaji wa tano. Alitaga kwenye kiti cha mwanamwari wa nyumba ya nyuma, alikula ndala za watu, alimfukuza paka. Kwa Kiswahili chetu kuku wa kufugwa maana yake ni kuku wa kuliwa au wa mayai. Yule anayekaa tu kwa sababu anapendwa hatujamtafutia neno. Sisi tulimwita kwa jina lake, basi.

Sasa sikiliza jambo la pili. Machi mwaka jana mama mkwe akafariki. Tulisafiri kwenda kuzika, mtoto tukamwacha kwa dada yangu Mbagala. Jumapili tuliporudi, mtoto akaleta simu ya baba yake ili wampigie bibi, maana Jumapili ndiyo ilikuwa siku yao. Mwenzangu akamwambia, "Bibi amesafiri." Nilikuwa jikoni. Nilisikia, na sikusema kitu. Naliandika hili ili lisionekane ni kosa la mwenzangu peke yake.

Na wala hatukujiona tumedanganya. Hebu jisikilize unavyotangaza msiba. Ametutoka. Ametangulia. Ameondoka. Safari ya mwisho. Lugha yetu ina adabu, mtu mzima hamtamkii mwenzake kwamba fulani "amekufa", hilo neno tumewaachia kuku. Kati ya watu wazima hakuna tatizo, kila mtu anajua hiyo safari haina tiketi ya kurudi. Ila mtoto wa miaka 5 ukimwambia bibi amesafiri, anachofanya ni kungoja basi. Alingoja mwaka mzima na nusu. Mara chache aliuliza, tukamwambia huko ni mbali, hakuna mtandao.

Turudi kwa kuku. Ijumaa jioni Bi Shingo alikuwa amejikunyata pembeni ya tangi la maji, manyoya yamevimba, mabawa yamelegea, kinyesi cha kijani, mahindi hataki hata kuyatazama. Jirani yetu wa nyumba ya nyuma, mama mmoja mwenye roho nzuri sana, alimtazama mara moja tu akasema, "Mama, wahini kisu."

Hapo mpenzi msomaji niseme la moyoni. Karibu kila mmoja wetu amekulia nyumba ambayo kuku akizubaa tu, mtu wa kwanza kufika anauliza kisu kiko wapi. Sababu inaeleweka. Akifa mwenyewe ni kibudu, na kibudu hakiliwi. Muislamu hali nyamafu, na Kumbukumbu la Torati 14:21 iliwakataza Waisraeli vilevile. Kwa hiyo watu wanawahi. Dini inakuwa imeridhika na chakula hakijapotea. Lakini ugonjwa haujui kama umewahiwa. Kuku mgonjwa anapochinjwa na kunyonyolewa ndipo damu, manyoya na matumbo yake yanapofika mikononi na usoni mwa watu, halafu yale matumbo yanatupwa nyuma ya nyumba, kuku wa jirani wanakuja kudonoa. Nilimwambia jirani hapana. Sikujifanya mtaalamu, nilimwambia tu mtoto hatanisamehe.

Saa 12 asubuhi dada wa kazi akagonga dirisha. "Mama, kibudu hiki hapa." Mwenzangu akatoka haraka kabla mtoto hajaamka. Akamfunga kwenye matoleo ya nyuma ya jarida hili hili (asanteni, wasomaji, sasa najua yanakoishia), akamtia kwenye kiroba cha unga, akamweka kwenye pipa la taka nje ya geti, akanawa, akaketi kunywa chai. Gari la taka kwetu hupita Jumatatu. Hilo hakulifikiria, na mimi pia sikulifikiria.

Mtoto akaamka, akatafuta. Baba yake akamwambia, "Bi Shingo amerudi Singida."

Kimya kidogo. Kisha mtoto akaruka kwenye kiti. "Basi bibi amesharudi! Tumpigie simu!"

Mpenzi msomaji, mimi nimesoma chuo kikuu shahada ya mawasiliano. Nimefundishwa mtuma ujumbe, mpokea ujumbe na vizuizi vyote vya katikati. Nilibaki na kijiko hewani. Mwenzangu akasema "baadaye", akainuka, na wakati huo huo tukasikia kunguru.

Kama unaishi Dar huna haja ya kuelezwa kunguru. Saa 2 asubuhi walikuwa kama kumi hivi juu ya pipa letu. Kiroba walishakitoboa, manyoya meusi yametapakaa hadi mlangoni kwa jirani, na mmoja yuko juu ya ukuta anavuta kipande cha khanga chekundu ambacho upande wa pili kilikuwa bado kimefungwa mguuni. Mtoto alifika getini kabla yetu. Hakulia. Aligeuka akamwambia baba yake, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba, hajafika. Yuko hapa."

Tuligombana. Chumbani, kwa sauti ya chini, ule ugomvi wa wapangaji. Mimi nilisema umemtupa kuku wa mtoto kama ganda la ndizi. Yeye akasema, "Ni kuku, jamani! Unataka nimfanyie nini, tuage mwili?" Nikasema na huo uongo wa Singida umeutoa wapi. Akasema, "Wewe ulitaka nimwambie nini?" Nikafungua mdomo na sikuwa na jibu. Akaketi kitandani akitazama ukutani, na mimi nikaenda kufanya ninachokijua. Nikapiga simu.

Namba ya afisa mifugo wa kata nilikuwa nimeiona kwenye ubao wa matangazo ofisi ya serikali ya mtaa, siku moja nilipokwenda kuchukua barua ya utambulisho. Nilitarajia anicheke. Nikamweleza kwamba tuna mwili wa kuku hapa na hatujui tuufanyeje. Akasema, "Mzoga." Nikasema ndiyo, mzoga. Ndilo neno lenyewe, ila ulimi wangu uligoma kidogo.

Swali lake la kwanza halikuwa la mazishi. Amekufa peke yake au na wengine? Nikamwambia sisi tunaye mmoja tu. Na majirani? Nikamwita dada, ambaye kama dada wote wa kazi anajua mtaa mzima kuliko mwenyekiti, akasema nyumba ya tatu kutoka kwetu walikufa watatu wiki iliyopita, na waliobaki wakachinjwa haraka haraka wakaliwa. Afisa akashusha pumzi. Akaniuliza kinyesi, mabawa, shingo, na kama alikuwa anahema kwa shida. Akaniambia dalili hizo ni za mdondo, ambao wengine wanauita kideri, ugonjwa wa virusi usio na dawa. Ukiingia kwenye kuku ambao hawajachanjwa unaweza kumaliza karibu banda zima ndani ya siku chache, na kipindi cha kiangazi kama hiki ndicho unapovuma.

Chanjo ipo. Ni tone moja tu la jicho kwa kila kuku, na unarudia kila baada ya miezi 3. Chupa moja inatosha mamia ya kuku, ndiyo maana mwenye kuku mmoja au wawili anaona uvivu kununua. Dawa yake ni majirani kuchanga na kuchanja siku moja. Hapo niliona aibu ya kweli. Bi Shingo nilimnunulia bakuli la maji la rangi ya waridi. Tone la jicho sikumpa.

Kwa binadamu, akasema, mdondo mara nyingi huishia macho kuwasha na kuwa mekundu kwa siku chache. Ila mtu wa kawaida hawezi kutofautisha kwa macho mdondo na mafua makali ya ndege, na hayo si ya kuchezea. Virusi vya H5N1 vilithibitishwa Nigeria Februari 2006, mara ya kwanza Afrika, na Januari 2017 jirani zetu Uganda walithibitisha aina ya H5N8 maeneo ya Ziwa Victoria. Kwa hiyo ndege wakifa wengi kwa mpigo usiguse, usichinje, usipeleke waliobaki sokoni uwahi kupata chochote. Piga simu ya mifugo. Na kama unataka kujua hasa kilichomuua kuku wako, mzoga ukiwa bado mzima unafungwa vizuri, unawekwa kwenye barafu bila kuugandisha, na unafikishwa maabara ya mifugo siku hiyo hiyo. Dar ipo Temeke, na Morogoro wapo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine. Wa kwetu walishamgawana kunguru.

Sasa mazishi yenyewe, maana wengi wenu mna viwanja vidogo au hamna kabisa. Njia rahisi na safi kwa kuku mmoja ni kumfukia. Usimshike mikono mitupu. Kama huna glovu, ingiza mkono kwenye mfuko, mshike, kisha ugeuze mfuko. (Ile mifuko ya Rambo iliyokuwa inafanya kazi zote za nyumba ilipigwa marufuku Bara tangu 1 Juni 2019, kwa hiyo tafuta mfuko wa mkate au wa taka.) Shimo liwe la futi 3, lisipungue, la sivyo mbwa watakuletea kuku wako mlangoni usiku huo huo. Liwe mbali na kisima, hatua 30 na zaidi, na lisiwe mahali ambapo mvua za masika zinatuama. Nyunyizia chokaa, au majivu kama chokaa hakuna, rudishia udongo, shindilia, weka jiwe zito juu. Manyoya yote yaokotwe na yaingie humo humo. Kisha nawa kwa sabuni, na banda lisafishwe, lipigwe dawa, lipate jua wiki kadhaa kabla hujaleta kuku mwingine.

Kuchoma pia ni njia, ila kuku mbichi haungui kama karatasi. Bila kuni kavu za kutosha utapata nusu kuku na malalamiko ya mtaa mzima. Kama unakaa ghorofani huna hata kipande cha udongo, omba kwa ndugu mwenye kiwanja. Ikishindikana kabisa, mfunge mifuko miwili au mitatu, ikazwe, na umtoe asubuhi ile ile gari la taka linapopita, ukimweleza mzoaji kwa mdomo wako kuna nini ndani. Mfuko wako haufiki dampo la Pugu Kinyamwezi bila kupita kwenye mikono ya vijana wanaotafuta chupa za plastiki, na wao hawana glovu. Kwenye Mto Msimbazi hapana, mto ule umechoka.

Jambo moja afisa hakunitajia, na mtu wa Dar analijua. Fanya mchana. Ukionekana saa 4 usiku na jembe, umeinama chini ya mwembe wa nyumba ya kupanga, mkononi una kuku mweusi, hakuna maelezo yatakayokuokoa. Utahama.

Sisi tulifanya saa 8 mchana. Nilipomaliza simu nilimkuta mwenzangu uani, ameazima sululu na koleo, amevaa glovu za jikoni. Manyoya alikuwa ameshayaokota moja moja na kilichobaki amekifunga kwenye kiroba kipya. Hatukusemezana. Akampigia mwenye nyumba kuomba ruhusa, kwa sababu ardhi ni yake, na nilimsikia akirudia mara tatu, "Ndiyo baba, kuku. Hapana, wa kuzika. Ndiyo, wa kuzika." Mwenye nyumba akaruhusu kwa masharti: kona ya mwisho kabisa ya ukuta, kule upande wa pili wa kisima, na si karibu na karo. Alipokata simu nadhani alimsimulia mke wake, kwa sababu mke wake alinitumia ujumbe wa pole. Niliupokea.

Alichimba kwa muda mrefu kuliko ilivyotakiwa. Majirani wakatoka mmoja mmoja. Mzee wa nyumba ya mbele, ambaye kawaida haongei na mtu, akaja na kopo la chokaa iliyobaki alipopaka ukuta, akaliweka chini, akarudi barazani kwake. Mwanamwari aliyetagiwa mayai kwenye kiti alikuja na simu kupiga picha, kisha akaiweka mfukoni.

Mtoto alikuja mwishoni. Alisimama ukingoni akatazama chini. Nilikuwa nimeshika maneno tayari, mazuri, ya mhariri. Mwenzangu akaniwahi. Alikuwa bado ndani ya shimo, udongo mpaka magotini, akasema, "Mwanangu, Bi Shingo amekufa. Hakwenda Singida. Na bibi hakusafiri. Bibi alikufa, tukamzika, mimi na mama tulikuficha."

Mtoto hakuuliza kwa nini tulimficha. Aliuliza, "Bibi mlimchimbia kama hapa?"

"Zaidi. Mpaka hapa." Akaonyesha kifuani.

"Kunguru hawamfikii?"

"Hawamfikii."

"Una uhakika?"

"Nilisimama pale mpaka mwisho. Udongo niliweka mwenyewe."

Kisha akakaa pale pale kwenye kifusi, mtu mzima, na glovu za jikoni za kijani, akalia. Singida hakulia. Singida alipokea wageni, alihesabu rambirambi, alitafuta maturubai, alishukuru watu, na usiku wa tatu tulipanda basi kurudi kwa sababu Jumatatu ilikuwa kazini. Nilikuwa naye siku zote zile na nilimsifia kwa watu kwamba amejikaza. Yule jirani wa "wahini kisu" ndiye aliyeshuka akamtoa koleo mikononi bila kusema neno, akafukia, akashindilia kwa miguu yake.

Nikisema mambo yakawa shwari nitakudanganya, na kwa sasa nimepunguza. Mtoto alikasirika, na alikasirika sawasawa. Wiki nzima alikataa hadithi ya usiku kutoka kwa baba yake. Akawa anakagua kila neno letu. Dada akienda sokoni: kweli sokoni? Babu mzaa mama alipopiga simu, alimuuliza moja kwa moja, "Wewe uko hai?" Baba yangu alicheka, kisha baadaye akanipigia tena, hacheki, akataka kujua kuna nini huko kwetu. Mwalimu wake naye aliniita. Mtoto alikuwa ameshawatangazia darasa zima kwamba watu wakisema amesafiri maana yake amekufa, na kuna mwenzake mmoja ambaye baba yake yuko Oman kikazi alilia mpaka akarudishwa nyumbani. Nilimtafuta mama wa yule mtoto nikaomba radhi. Alinielewa, ingawa si mara moja.

Kipande cha khanga tunacho. Kilianguka upande wetu wa ukuta, na mtoto alikikumbatia kabla sijamzuia, kwa hiyo yeye na khanga wote walioga siku ile. Ndiyo, nilikichemsha. Nikakianika juani siku mbili, kipo kwenye droo. Desemba tunakwenda Singida wote watatu, ameshaambiwa kwamba ni kaburi tunakwenda kuona na si bibi, na amekubali kwa sharti kwamba atakibeba yeye. Majirani nao tumechanga chanjo, hata wale wa nyumba ya tatu. Kuku mwingine hajaomba, na sisi hatujamshawishi.

Wiki mbili baada ya mazishi mwenzangu alitakiwa Dodoma, semina ya kikazi, siku tatu. Saa 11 alfajiri mtoto alikuwa ameshaamka, amekaa juu ya begi la baba yake mlangoni.

"Unasafiri kweli," akamuuliza, "au unasafiri kama bibi?"

Akachuchumaa akamwambia anasafiri kweli, na atapiga simu kila basi litakaposimama. Alipiga Chalinze. Alipiga Morogoro. Gairo picha iligoma, ikawa sauti tu, na mtoto akaishika simu sikioni muda mrefu, akimwambia ataje vitu anavyoviona dirishani.